Nyonga ya Kulia ya Matarishi wa Mkwaja

Wenzangu mnaobaki ofisini, siku ile ya kuniaga mmoja wenu aliinua glasi ya sharubati akasema mzee huyu zamani alikuwa akikimbia na barua, nanyi mkacheka mkidhani ni masihara. Si masihara. Kabla ya gari, na kabla ya pikipiki hizo mnazozilalamikia kwamba viti vyake vigumu, barua za Mkwaja zilikwenda kwa miguu, na miguu yenyewe ni hii niliyoivalia soksi mpya siku ya sherehe. Nimeona niandike sasa wakati kumbukumbu zingali zinanitii. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara mnaujua tabia yake. Nitaandika zaidi habari za nyonga moja, kwa kuwa katika kazi yote sikukutana na kitu kilichonikalisha kufikiri kama hiyo nyonga.

Nilizaliwa Mwera, nyuma kidogo ya Pangani, na toka utotoni nilikuwa mtu wa kuuliza. Chuoni mwalimu alinihamishia safu ya nyuma ili maswali yangu yachelewe kumfikia. Nilipoingia kazini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza alikuwa bado yupo na tarishi hakuajiriwa bila mdhamini, mtu anayejulikana ambaye mkoba ukipotea ataulizwa yeye. Mdhamini wangu alikuwa Mzee Makame, ambaye pia ndiye tarishi niliyekabidhiwa kwake nifundishwe. Alikuwa Mpemba aliyehamia Pangani angali kijana, mwembamba, mwenye kofia safi siku zote, na maneno yake yalikuwa ya kubana. Alikuwa akichopea, akichechemea mguu wa kulia.

Siku ya kwanza nilipomwona anashuka ngazi za ofisi ameshika ukuta, nilijiuliza huyu ataniongoza vipi hadi Mkwaja. Tulivuka kwa kivuko hadi Bweni, tukafuata njia mpaka ufukweni, na pale akavua makubazi yake akayafunga kiunoni. Akaanza mchakamchaka. Mwanzoni alikuwa akiyumba upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo, lakini kitambo kidogo mguu ukapata moto, ukanyooka, na mimi nikabaki nyuma yake nikihema. Nilimuuliza nyuma ya kisogo chake imekuwaje maumivu yamepotea akikimbia. Akasema nihifadhi pumzi.

Tulikimbia kwa sababu ya maji. Mchanga wa pwani ile ukiwa mkavu unazamisha mguu, lakini maji yakipwa unabaki mchanga mgumu, mzuri, unaorudisha hatua. Kuna vijito vinavyoingia baharini katikati, na ukikutwa na maji yamejaa unakaa ng'ambo pamoja na barua zako mpaka yapungue. Basi kazi yetu ilikuwa kushindana na kujaa na kupwa. Mzee Makame alinifundisha kuyasoma maji kwa kuangalia mstari wa majani makavu mchangani, kula kidogo njiani, kubadilisha mkoba bega kila tukivuka kijito, na kutopokea kahawa kwa kila anayekualika, kwa sababu kahawa huja na maongezi. Tulilala Kipumbwi katika kibanda cha matarishi, asubuhi tukamalizia Mkwaja, kisha tukarudi vivyo hivyo.

Kulala nako kulikuwa na mafunzo yake. Mtu hulala ubavu wa kulia kama tulivyofundishwa sote, mkoba ukiwa chini ya kiuno, na kufuli la mkoba, chuma kizito cha kujaza kiganja, likae hasa chini ya nyonga. Mzee Makame alinigeuza mwenyewe kwa mkono usiku wa kwanza, akalisogeza kufuli mpaka akaridhika. Alisema mwizi akiligusa kufuli, awe amemgusa tarishi. Nikaona ni jambo la busara, nikalala. Katika mambo yote niliyoyauliza ujanani, hilo sikuliuliza.

Nawaambia ukweli, niliipenda kazi ile kupita kiasi. Kuna saa, jua bado halijakaza, mkoba umetulia mgongoni na miguu imekubaliana na mchanga, ambapo mtu hajui kama anakimbia au anakimbizwa. Mke wangu Mwanaidi, ambaye nilimwoa mwaka wa pili wa kazi, alikuwa akisema nikirudi kutoka Mkwaja nakuwa na uso wa mtu aliyetoka harusini. Nilimwambia ni njaa tu. Haikuwa njaa.

Maumivu yalianza mwaka uliofuata, baada ya Mzee Makame kustaafu na kuhamia Tanga mjini kwa binti yake. Yalianza kwa adabu. Asubuhi nikiamka Kipumbwi nilisikia kitu kinauma ndani, kati ya nyonga na kalio la kulia, mahali ambapo kidole hakifiki. Nikitembea kidogo kinapotea. Baada ya miezi kikaacha adabu. Kikawa kinashuka ubavuni mwa paja, kinanizuia kukunja miguu sawasawa kwenye sinia, na msikitini nikikaa attahiyatu nauma meno mpaka imamu atoe salamu. Kuinuka chini bila kuegemea mkono kukanishinda. Nikaanza kuchopea.

Na hapa ndipo pana jambo la ajabu, ambalo msingelijua kama nisingeliandika. Mji wa Pangani ulifurahi. Kulikuwa na matarishi wengine wawili wazee waliostaafu, na wote wawili walichopea mguu uleule wa kulia, kama Mzee Makame. Watu waliuita mguu wa Mkwaja. Mwenye mguu huo alipishwa barazani, aliuziwa samaki kabla ya wengine, na akichelewa hakuna aliyemuuliza. Basi nilipoanza kuchopea mimi, watu wazima walinipa mkono. Mmoja wa wale wazee wawili alinitazama nikipita, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sasa nimekuwa tarishi. Nilikuwa bado kijana, mke wangu ana mimba ya kwanza, na watu wananipongeza kwa kilema.

Mimi swali lililonikaa ni moja: kwa nini wa kulia? Njia ina kwenda na kurudi. Ukienda kusini bahari iko kushoto, ukirudi iko kulia, na ufuko umelalia baharini safari zote mbili. Kama ni mteremko wa mchanga, basi miguu yote miwili ilipaswa kuonja. Mkoba tulikuwa tukiuhamisha bega. Watu wanne, miili tofauti, mmoja mrefu, mmoja mnene, na nyonga iliyokufa ni ileile. Niliwauliza wale wazee wawili. Mmoja akasema ni kazi ya Mungu, na mwingine akasema ni kazi ya serikali.

Nilitafuta tiba kama kila mtu. Bibi mmoja wa Bweni alinikanda kwa mafuta ya nyonyo hadi nikatamani ugonjwa wenyewe. Fundi wa kuumika alinitia chuku tatu, pembe za kunyonya damu, kwenye kalio, na kwa siku kadhaa nikawa nakula nimesimama. Nilinywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, moyo ukatulia, ingawa nyonga haikupata habari. Dresa wa hospitali, Mbondei mmoja mpole aitwaye Yohana, ndiye peke yake aliyeuliza maswali zaidi yangu. Alinilaza kitandani, akabonyeza mfupa wa nyonga kwa nje, nikaruka. Akabonyeza mguu mwingine, sikuruka. Akasema mfupa ni mzima ila nyama inayoushika imechoka, akanipa dawa ya kuchua na aspirini, akaniuliza inauma zaidi wakati gani. Nikamjibu asubuhi. Akashangaa, akasema mtu anayeumizwa na mbio angetazamiwa kuumia jioni. Hakujua zaidi ya hapo na alisema hajui, jambo lililonifanya nimwamini.

Siku moja maji yalinikuta. Kijito kabla ya Kipumbwi nilikifikia kimeshajaa, kwa sababu nilikuwa nimetembea mahali pa kukimbia, na barua zikachelewa. Karani mkuu aliniita. Alikuwa mtu wa haki, hakunifokea. Alisema nipumzike mpaka masika yaishe, mwenzangu Shabani atashika njia. Nikirudi naweza kukimbia, vema. Nikirudi ninachopea, nitapewa kazi ya lango la ofisi, kufungua na kufunga. Alidhani ananipa habari njema, maana langoni kuna kivuli na kiti.

Nilikwenda nyumbani Mwera moyo umenizama. Fikirini, mtu aliyezoea kushindana na bahari akalishike lango ambalo kila mmoja anajua kulifungua mwenyewe. Mwanaidi aliniwekea chakula, sikula. Nilimwambia kama nitakalishwa langoni ni afadhali nirudi kulima mihogo, naye akasema mihogo nayo huinamiwa, nyonga itakuwa ileile. Usiku huo nilitoka machozi, na sioni aibu kuliandika.

Nikapumzika. Baada ya wiki kadhaa, ajabu, maumivu yakaanza kulegea. Nikaweza kukunja mguu kwenye sinia. Kila aliyekuja kuniona akasema, unaona, ni mbio zile, achana nazo. Hata mimi nikaanza kukubali. Ni Mwanaidi, akitwanga mpunga mbele ya nyumba, aliyeniuliza bila kuinua uso nikienda Mkwaja huwa nafanya nini na nini. Nikamtajia: nakimbia, nabeba mkoba, nakanyaga mchanga ulioinama, nakaa kivukoni, nakula Kipumbwi, nalala, narudi.

"Basi umepumzika vyote hivyo kwa mara moja," akasema. "Utajuaje kilichokuumiza ni kipi? Mimi mchuzi ukiniharibikia siutupi na chungu. Naonja kimoja kimoja."

Nikaamua kuonja.

Nilianza na mbio. Asubuhi baada ya sala nikawa nakimbia kutoka Mwera kuelekea Pangani, mikono mitupu, kwanza kidogo, kisha mbali zaidi. Mvua inanyesha, tope mpaka vifundoni, na mgonjwa aliyepewa ruhusa ya mguu anapita mbio mbele za watu. Mnaweza kukisia yaliyosemwa. Lakini nyonga haikurudi nyuma, iliendelea kupona. Basi si mbio. Nikashona mfuko wa turubai, nikautia mchanga uzito wa mkoba wa kazini, nikakimbia nao. Kila jioni nilijibonyeza pale alipobonyeza Yohana. Kimya. Basi si mzigo. Nikashuka Pangani nikakimbia ufukweni, mbele na nyuma, upande ulioinama. Nyonga haikusema kitu. Nikaanza kuwa na furaha isiyo ya kawaida, ile ya mtu anayefunga milango ya nyumba mmoja mmoja akijua mwizi yumo ndani.

Kivuko nilikitoa hesabuni, kwa sababu Pangani yote inavuka na Pangani yote haichopei. Chakula cha Kipumbwi kilikuwa pweza na wali, basi Mwanaidi akapika pweza mara nyingi kuliko mfuko wetu ulivyotaka. Nilishiba tu. Jioni moja nikamwambia nimekwisha onja vyote, hakuna kilichobaki. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayetafuta kofia aliyoivaa.

"Bado hujalala, baba wee."

Nikamwambia nalala kila siku, hapa hapa, mbele yake. Akaniuliza Kipumbwi nalala vipi. Nikamweleza kufuli. Aliacha alichokuwa akifanya, akasema nirudie, nikarudia, na nilipokuwa nikirudia nikajisikia mwenyewe.

Mjomba wangu alikuwa na kufuli kubwa la ghala ya nazi. Nikaliazima bila kumweleza sababu, nikalifunga kwenye mfuko wangu wa turubai, nikatandika mkeka chini kama Kipumbwi, nikalala ubavu wa kulia na chuma chini ya nyonga. Mwanaidi akaweka taa chini, akasema haya ndiyo mapenzi aliyoolewa kwayo. Usiku wa kwanza hakuna kitu. Nikaendelea. Asubuhi ya tatu au ya nne nilitaka kuinuka, nikashindwa. Kile kitu kilikuwa kimerudi, ndani kati ya nyonga na kalio, mahali pale pale, kama hakikuondoka. Nikacheka. Nilikuwa nimelala chali sakafuni, siwezi kusimama, ninacheka mpaka Mwanaidi akadhani nimepandisha pepo. Sijawahi kufurahia maumivu kama siku ile.

Nikaliondoa kufuli. Dresa Yohana nilipomsimulia akasema nisilalie upande ule kabisa kwa muda, niweke mto katikati ya magoti, na akanionyesha zoezi la kulala chali na kuinua kiuno juu polepole. Kulalia kushoto kulinipa shaka, nikamuuliza mwalimu wangu wa zamani, yule aliyenikalisha nyuma. Akasema mgonjwa hulala anavyoweza, na akaongeza kwamba kwa mara ya kwanza nimeuliza swali lenye faida. Masika yalipokuwa yanakwisha niliweza kulala tena ubavu wa kulia mpaka asubuhi, juu ya godoro la sufi, bila kitu chini yangu. Hapo ndipo nilipojua nimepona, zaidi ya siku niliyokimbia.

Lakini Karani alikuwa ameshasikia kwamba tarishi mgonjwa anakimbia mvuani. Aliniita kabla muda haujaisha, uso umekunjamana. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza, akachukua mkoba mmoja mezani akalibonyeza kufuli kwa kidole gumba. Kisha akasema yeye hana amri yoyote ya namna tarishi anavyolala. Amri yake ni mkoba ufike umefungwa. Kulala juu ya kufuli tulijiwekea wenyewe. Ila, akasema, nina mdhamini, na mkoba ukipotea wakati haukulaliwa, atakayeulizwa ni Makame. Basi niende kwake. Akikubali nisilalie, narudi njiani. Asipokubali, achague mwenyewe kati ya mimi kulalia na mimi kukaa langoni. Jumatatu alitaka jibu.

Nilipanda basi la Tanga nimevaa kanzu yangu ya Idi. Nyumba ya binti yake Mzee Makame ilikuwa Chumbageni, barabara nyembamba yenye baraza pande zote mbili, na yeye nilimkuta kwenye mkeka barazani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya mto. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikalisha. Binti yake, Bi Asha, akaleta kahawa na kashata. Mzee aliuliza habari za vijito, mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza ndugu. Kisha akasema amesikia mguu wa Mkwaja umenishika, akanipa mkono. Nilimwona amefurahi kwa ajili yangu.

Nikaanza kwa kumuuliza nani aliyemfundisha yeye kulalia kufuli. Akasema alifundishwa na tarishi aliyemtangulia, na huyo alianza kazi enzi za Mdachi, alipokuwa akipeleka mkobani mishahara ya askari, rupia za fedha. Nikauliza rupia zilikwisha lini. Akasema zamani, kabla yake, yeye hakubeba ila karatasi. Nikauliza kama katika miaka yake yote kuna mtu aliyewahi kuugusa mkoba usiku. Alifikiri kwa uaminifu. Akasema palikuwa na mbuzi mmoja wa Kipumbwi aliyetafuna ukanda.

Ndipo nikamwambia. Nilimweleza mbio, mfuko wa mchanga, pweza, kufuli la mjomba. Bi Asha alikuwa amesimama mlangoni, na watu wa baraza ya pili walikuwa wameacha kuongea. Nilipofika kwenye asubuhi ile nilipocheka sakafuni, yeye hakucheka.

"Wataka kunambia mguu wangu umeliwa na usingizi?"

"Na kufuli, mzee."

"Wajukuu zangu hawa wajua umeliwa na njia. Pangani nzima yajua." Akakigeuza kikombe chake tupu, akakiweka. "Mkoba hulaliwa, Athumani. Kamwambie karani hivyo."

Sikubishana. Nilikuwa nimekula chumvi yake, na mtu huyu aliniwekea jina lake rehani wakati hakuna aliyenijua. Lakini nikililalia kufuli nitachopea tena, na lango likanijia machoni, kiti chake na kivuli chake. Nikaomba ruhusa, nikainuka niende zangu.

"Umeinukaje?" akasema.

Sikumwelewa. Akasema nikae tena. Nikakaa, nimekunja miguu. Akasema niinuke. Nikainuka, na hapo nikaona alichokuwa anatazama: mikono yangu ilikuwa mitupu, hakuna nilipoegemea.

"Hebu kimbia nikuone."

Nilikuwa mtu mzima mwenye kanzu ya Idi, katikati ya Chumbageni, mchana, na baraza zote zimejaa. Nikaikunja kanzu mpaka magotini, nikavua makubazi, nikakimbia mpaka kwenye kona na kurudi. Watoto wakacheka, na mwanamke mmoja akauliza nimeiba nini. Niliporudi nimesimama mbele yake nikihema, alikuwa anaitazama nyonga yangu ya kulia, hakunitazama usoni.

"Nikifika Kipumbwi nilikuwa nawahi kulala," akasema, kwa sauti ya chini, mimi na binti yake tu ndio tuliosikia. "Wenzangu wacheza bao, mie nalala, ili upone. Kadiri ulivyoniuma ndivyo nilivyozidi kuulalia."

Nilitamani nisingalikuja. Ile furaha yangu yote ya masika, ya kufunga mlango mmoja mmoja, iliniishia palepale, maana nyumba niliyokuwa naipekua ilikuwa ya mtu. Bi Asha alijifuta macho kwa kanga akaingia ndani.

Mzee Makame aliusogeza mto ule uliokuwa chini ya mguu, akauweka kando. Akasema nimwambie karani mkoba utafika, na kwamba yeye bado ni mdhamini wangu, nilale nitakavyo. Kisha akainua kidevu akinionyesha barabara.

"Kimbia tena, yakhe. Safari hii polepole, niuone vizuri wa kulia."

Nikaikunja kanzu nikakimbia tena, polepole, na sikugeuka kuangalia nani anacheka.